Nyumba ya mwaka 1923, vyumba tisa, kiwanja kikubwa katikati ya mji: ninunue au niiache?

#1 UaLaUani
Wakuu, salaam. Naomba akili zenu kabla sijaweka sahihi.

Tuna watoto wanne, na mama mkwe amehamia kwetu baada ya kufiwa. Tumekuwa wapangaji miaka kumi na moja. Sasa tumepata nyumba katikati ya mji, juu ya mlango wa mbele pamechongwa 1923. Vyumba tisa. Dari liko juu mita tatu na nusu, kuta zina unene wa sentimita 45 hivi, vyumba vya mbele vina sakafu ya mbao ambayo bado inang'aa ukiipangusa. Kiwanja kinakaribia mita za mraba 2,300, na nyuma kuna mti mkubwa ambao kivuli chake kinafunika nusu ya ua. Siku ya kwanza kuingia nilikaa kwenye ngazi za nyuma, sikutaka kuondoka.

Bei yake ni ndogo kuliko nyumba mpya ya vyumba vinne kwenye kiwanja kidogo pembezoni mwa mji. Imetangazwa zaidi ya miaka miwili na haijanunuliwa. Hapo ndipo moyo unasita.

Niliyoyaona kwa macho yangu: chumba cha pembeni nyuma kina ufa wa mshazari, unaanzia kona ya juu ya dirisha kwenda darini. Chini ni mwembamba kama unywele, juu kidole changu cha mwisho kinaingia. Chumba hicho na kinachofuata, ukuta una unyevu hadi usawa wa kiuno, rangi inabanduka, kuna unga mweupe. Mvua haijanyesha wiki tatu. Bafuni maji yanatoka kama uzi. Dalali anasema nyumba za zamani zote ndivyo zilivyo.

Swali: kwa nini haijanunuliwa? Na ule ufa ni wa nini?

#2 Mkaazi_Mpya
Kimbia kaka. Miaka miwili sokoni maana yake kuna watu waliingia, wakaona, wakatoka. Wale si wajinga.

#3 MzeeWaBaraza
Na mimi niliambiwa kimbia mwaka 1996. Nikanunua. Paa lilikuwa linavuja sehemu sita. Nimelea watoto watano humo na sasa wajukuu wanateleza kwenye sakafu ileile.

Nyumba kubwa ya zamani haichelewi kununuliwa kwa sababu ina siri. Inachelewa kwa sababu mnunuzi anahitaji fedha mbili kwa mpigo: ya kununua na ya kutengeneza. Wengi wana moja tu. Na mabenki mengi husita kukopesha kwa jengo lenye ufa unaoonekana. Hayo mawili yanatosha kuiweka sokoni miaka miwili bila jambo lingine lolote.

#4 FundiChokaa
Ukuta wenye unyevu umepigwa plasta ya nini? Gonga kwa kitasa cha bisibisi, usikilize, kisha uniambie.

#5 UaLaUani
#2 mimi ni dada 🙂
#4 nimeenda leo asubuhi. Ni ngumu, ya kijivu, na sehemu nyingi inalia kama iko tupu ndani. Jirani anasema ilipigwa upya miaka kama kumi na tano iliyopita. Vyumba vya mbele plasta ni nyeupe, laini, inakwangulika kwa ukucha, na huko hakuna unyevu wowote.

#6 FundiChokaa
Nilijua. Dada, umejijibu mwenyewe.

Mwaka 1923 saruji haikuwepo, watu walijenga kwa chokaa. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe yake kwenye moto wa nyuzi kama 900, kisha unayazima kwa maji. Ukiipaka ukutani inavuta hewa ya kaboni polepole na kurudi kuwa jiwe, lakini jiwe lenye vinyweleo. Ukuta wa namna hiyo unalowa na kukauka kila siku ya maisha yake. Maji yanaingia, maji yanatoka.

Akaja mtu akaufunika kwa saruji. Maji yanaendelea kuingia kwa chini, ila mlango wa kutokea umezibwa. Yanapanda yakitafuta pa kutokea, na yanabeba chumvi za udongo na za tofali. Yanapofika hewani yanakauka, chumvi inabaki. Ndio huo unga mweupe. Chumvi ikikomaa ndani ya tofali inalivunja taratibu, na plasta inaachana na ukuta, ndio maana inalia tupu.

Bandua saruji yote, acha ukuta upumue miezi kadhaa, piga chokaa. Nimefanya hivyo nyumba nyingi.

#7 KalamuNyekundu
#6 nakuheshimu kwa kazi yako lakini tuseme kilicho sahihi. Saruji ya Portland ilisajiliwa na Joseph Aspdin huko Uingereza mwaka 1824. Kufika 1923 ilikuwa na karibu miaka mia moja. Nyumba ya mwaka huo inaweza kuwa ya chokaa tupu, ya saruji, au ya mchanganyiko wa vyote viwili. Aangalie gundi iliyo kati ya matofali, sio tarehe ya mlangoni.

#8 FundiChokaa
#7 sawa, nimepokea. Nilitaka kusema kuta kama hizo mara nyingi zilijengwa kwa chokaa. Bado plasta nyeupe ya mbele inakwanguliwa kwa ukucha, hiyo si saruji.

#9 Mfereji
Naomba nitofautiane na fundi. Saruji haitengenezi maji. Inayazuia tu. Swali la kwanza ni maji yanatoka wapi, na wiki tatu hakuna mvua!

Dada zunguka nje ya vyumba hivyo viwili. Usawa wa ardhi ya nje ukoje ukilinganisha na sakafu ya ndani? Nyumba ikikaa miaka mia, watu wanamwaga kifusi, wanasakafia, wanasakafia tena juu ya sakafu, ardhi ya nje inapanda juu ya sakafu ya ndani. Hapo ukuta unakuwa umezikwa. Pili, kuna bomba linalopita ndani ya ukuta huo? Tatu, maji ya paa yanamwagikia wapi?

#10 UaLaUani
Nje kuna njia ya zege. Nimepima kwa futi: iko juu ya sakafu ya ndani kwa sentimita 12. Bafu liko upande wa pili wa ukuta huohuo.

#11 Mfereji
Sentimita 12 juu. Basi.

#12 Mkaazi_Mpya
Samahani dada #5. Lakini bado nasema kimbia.

#13 MamaWatatu
Kabla hamjamwambia abandue kitu chochote, naomba mnisikilize. Sisi tulinunua nyumba ya miaka tisini. Mume wangu akakodi mashine ya kusaga rangi, akasugua milango yote na madirisha ndani ya nyumba, watoto wanapita. Vumbi likajaa kila mahali. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka miwili. Baada ya miezi akawa hali vizuri, tumbo, hasira. Daktari mmoja mwenye busara akauliza tunaishi nyumba gani. Alipimwa damu, ikakutwa na risasi.

Rangi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Hatari yake ilijulikana mapema: Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi ya risasi nyeupe ndani ya majengo mwaka 1921. Ila Marekani yenyewe ilikataza rangi ya risasi majumbani mwaka 1978 tu, na kuna nchi zilichelewa zaidi. Nyumba ya 1923 ina tabaka nyingi za rangi, na huwezi kujua ipi ni ipi kwa kuangalia.

Rangi ikiwa nzima na imefunikwa, iache. Ikibanduka, pima kwanza. Usisage, usichome kwa moto. Lowesha, tandika nailoni, funga mlango, watoto na bibi wasiwepo. Wa kwangu sasa yuko shule na anaendelea vizuri, lakini mwaka ule sitausahau.

#14 UaLaUani
#13 ahsante sana mama. Nimeandika. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka mitatu.

#15 Kenchi
Mmeng'ang'ania unyevu, ufa mmeuacha. Unyevu ni kero, ufa ndio nyumba.

Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini unasema kwamba sehemu ya juu ya ukuta inasogea nje. Nani anasukuma juu? Paa. Kenchi ni pembetatu: miguu miwili ya mshazari inataka kufunguka, boriti ya chini inaishikilia isifunguke. Ukikata boriti ile, uzito wote wa paa unasukuma kuta kwa nje. Na watu huikata! Wanataka stoo darini, wanataka kupitisha tangi la maji, boriti inawazuia njia, wanaichukulia msumeno.

Panda darini na tochi. Angalia juu ya chumba hicho hasa.

#16 Mizizi_na_Mawe
Au kona inazama. Ufa wa namna hiyohiyo unapatikana kona ya nyumba ikishuka na kulala nje. Mti uko umbali gani?

#17 UaLaUani
Hatua kumi na moja zangu kutoka kwenye kona hiyo. Ni mti mkubwa sana, watu wawili hawaukumbatii.

#18 Mizizi_na_Mawe
Basi mti. Kama udongo ni wa mfinyanzi, unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mti mkubwa unanyonya maji mengi kiangazi, udongo chini ya kona unasinyaa, kona inashuka. Kata mti.

#19 Mpimaji
USIKATE MTI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa makusudi.

Udongo ule umezoea kunyonywa miaka mingi. Ukiukata ghafla, maji yaliyokuwa yanakunywewa na mti yanabaki udongoni, mfinyanzi unavimba tena, na kona iliyokuwa inashuka inaanza kuinuliwa. Nyufa mpya zinatokea mahali ambapo hapakuwa na ufa. Nimeona nyumba iliyokuwa na ufa mmoja, wakakata mti, baada ya miaka mitatu ina saba. Kwanza chimba shimo ujue udongo ni upi. Kwenye mchanga hadithi yote ya #18 inaanguka.

#20 Mizizi_na_Mawe
#19 hoja yako ina uzito. Naondoa "kata". Siondoi "mti".

#21 Mfereji
Na mabomba ya maji machafu yanapita wapi? Ya enzi hizo ni vipande vifupi vya udongo wa kuchomwa vilivyounganishwa kwa saruji au lami. Maungio yanaachia, maji yanatoka, yanaosha udongo chini ya msingi. Mizizi haivunji bomba zima, inafuata unyevu kwenye ungio ambalo tayari linavuja, kisha inaingia na kulipanua. Kwa hiyo mti unaweza kuwa shahidi wa kosa la bomba, sio mkosaji.

Bafu liko hapohapo nyuma ya ukuta. Unyevu hapohapo. Ufa hapohapo. Mimi naona jambo moja, sio matatu.

#22 FundiChokaa
Mambo matatu yanaweza kukaa nyumba moja bila kuwa ndugu.

#23 Tofali
Dada una picha ya mlango na ya chumba cha nyuma kwa nje?

#24 UaLaUani
Nimeweka nne hapo chini. Ya mwisho ni vioo vya sebuleni, vizuri mno, ukitazama nje miti inacheza kama ndani ya maji. Vimekuwa vinene chini kwa sababu ya umri.

#25 Tofali
Angalieni picha ya tatu. Upande wa kushoto wa dirisha matofali ni madogo ya kuchoma. Kulia, kuanzia pale ufa ulipo, chini ya rangi kuna mistari mirefu, yale ni matofali makubwa ya saruji. Chumba hiki hakikujengwa 1923. Kiliongezwa baadaye, pengine pamoja na bafu.

Nyumba ya mbele ilishazama kadiri ya kuzama kwake miongo mingi iliyopita, imetulia. Kilichoongezwa kina msingi wake, mara nyingi mfupi zaidi, na kinaanza kuzama siku ya kujengwa. Viwili hivyo vikifungwa pamoja bila nafasi, vinaachana pale vilipoungana. Ufa wako uko kwenye ungio. Tarehe ya mlangoni ni umri wa mlango, jamani, sio wa kila ukuta.

#26 KalamuNyekundu
#25 jicho lako, hongera.
#24 vioo havimiminiki kwenda chini. Watu wengi wanaamini hivyo. Kioo cha kawaida kwa joto la kawaida hakisogei kiasi cha kuonekana hata kwa karne nyingi. Cha zamani kilipulizwa kwanza, kikafunguliwa na kunyooshwa, hivyo kilitoka na mawimbi na unene usio sawa tangu kiwandani. Unavyopenda miti inavyocheza, endelea kupenda. Usivibadilishe.

#27 MzeeWaBaraza
Mafundi watakuambia ubadilishe madirisha yote. Usikubali! Mbao zile zimetoka kwenye miti iliyokua polepole msituni, pete zake zimebanana. Dirisha lililokaa miaka mia likirekebishwa bawaba na kupigwa mafuta litakaa tena. Langu lipo.

#28 Bungua
Ila apime kwanza. Bisibisi chini ya kila fremu na kwenye miisho ya boriti zinapoingia ukutani. Ikizama kama kwenye mkate, ole. Vijitundu vidogo vya mviringo na unga laini chini yake ni bungua. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani ni mchwa. Tundu la zamani halina unga, na rangi yake imeiva. Tundu jipya ndani yake ni jeupe. Tofauti hiyo itakuokolea fedha, maana kuna watu watakuuzia dawa kwa wadudu waliokufa kabla hujazaliwa.

#29 Waya
Hakuna aliyegusa umeme na hili linaua haraka kuliko ufa. Fungua swichi moja (zima meni kwanza!). Waya ukiwa na ganda la mpira uliovikwa kitambaa, ule mpira umeshakauka, ukiukunja unapukutika na shaba inabaki uchi ndani ya ukuta. Na ukuta wenyewe umelowa. Nyumba nyingi za wakati ule hazina waya wa ardhini kabisa. Usichomeke friji, pasi na hita ya maji kwenye mfumo ulioundwa kwa ajili ya taa. Ukinunua, umeme wote uanze upya, kabla ya plasta, kabla ya rangi, kabla ya kitanda.

Na maji kama uzi: bomba la chuma lililopakwa zinki linashika kutu kwa ndani na kuziba kama mshipa. Badilisha. Bomba likiwa laini, la kijivu iliyokolea, ukikwaruza linang'aa, hilo ni risasi, usinywe.

#30 Kenchi
Dada umepanda darini?

#31 UaLaUani
Mume wangu amepanda jana. Boriti mbili za chini zimekatwa juu ya chumba hicho. Kuna alama ya tangi. Lakini mbao nyingine zote hazina bungua wala kuoza, #28, amezijaribu kwa bisibisi kama ulivyosema.

#32 Kenchi
Sina la kuongeza.

#33 Tofali
#32 mimi ninalo. Kama ni paa, ukuta wa upande wa pili ungesukumwa pia. Una ufa?

#34 UaLaUani
Hauna.

#35 Kenchi
Upande wa pili kuna ukuta wa ndani unaouegemea. Upande wa kona hakuna wa kuegemea. Paa linasukuma kote, linashinda penye udhaifu.

#36 Mpimaji
Mngeweza kubishana hivi mwaka mzima. Pima. Chukua vipande vitatu vya kioo chembamba, kimoja chini ya ufa, kimoja katikati, kimoja juu. Gundisha pande zote mbili za ufa kwa plasta kali, juu ya ukuta wenyewe, sio juu ya rangi. Andika tarehe kwa penseli. Ufa wa zamani uliokwisha kusogea hautavunja kitu. Ufa ulio hai utavunja.

Kwa unyevu, bandika kipande cha karatasi ya alumini ukutani, ziba kingo zote kwa gundi ya utepe, siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumba, ni hewa yenye mvuke. Yakiwa nyuma yake, ni ukuta.

Na mwombe muuzaji muda. Akikataa kukupa muda wa kupima, hilo nalo ni jibu.

#37 Wakili_wa_Mtaa
Nimesoma yote. Hamjauliza kitu kimoja: muuzaji ni nani?

Nyumba ya familia ya miaka mia imepita mikononi mwa vizazi vitatu au vinne. Kama mwenye jina kwenye hati alifariki na mirathi haikufunguliwa, au ilifunguliwa na mrithi mmoja hajasaini, unaweza kulipa leo na kuitwa mahakamani baada ya miaka sita na mjukuu ambaye hukuwahi kumsikia. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu ya kwanza nyumba nzuri kukaa sokoni. Wanunuzi wanafika hadi kwa mwanasheria, wanageuka.

Pili, mipaka. Hati za zamani mara nyingi zina vipimo vya futi, na futi moja ni mita 0.3048, mtu akikadiria vibaya kwenye kiwanja kirefu mita zinapotea. Fensi si mpaka. Mpaka ni alama za mpima ardhi. Tatu, kuna mtu anapita kwenye ua huo kwenda kwake? Akipita miaka mingi bila kuzuiwa, sheria za nchi nyingi humpa haki ya kuendelea kupita. Nne, uliza kama jengo limo kwenye orodha ya majengo ya kuhifadhiwa. Likiwemo, hata plasta na madirisha vinaweza kuhitaji kibali.

#38 UaLaUani
Wanauza ndugu saba. Sita nimeonana nao. Wa saba anaishi mbali, wanasema amekubali kwa simu. Na ndiyo, kuna mama jirani anapita nyuma na ndoo yake kila asubuhi. Nilidhani ni rafiki yao.

#39 Wakili_wa_Mtaa
Simu haisaini. Usilipe hata arubuni kabla sahihi ya saba haijawa mezani na uthibitisho wa mahakama wa msimamizi wa mirathi.

#40 Mkaazi_Mpya
Nilisema nini mimi?

#41 MzeeWaBaraza
#40 wewe ungekimbia hata harusi yako.

#42 Mkaazi_Mpya
Mzee hahaha. Lakini niwe mkweli: baba yangu alinunua kiwanja kikubwa cha zamani kwa akiba ya miaka ishirini, kesi ya mirathi ikachukua miaka tisa, akafa ikiwa haijaisha. Ndiyo maana nasema kimbia haraka. Nataka dada awe salama.

#43 MzeeWaBaraza
Pole sana mwanangu. Sikujua. Maneno yako yana haki yake hapa.

#44 Jirani_wa_Ua
Mimi nina upande mwingine. Hiyo mita 2,300, msiiangalie kama ua tu. Ndiyo thamani. Wanunuzi wenye fedha wanatafuta kiwanja wabomoe wapandishe ghorofa. Wasipopata kibali cha kubomoa au kugawa, wanaondoka. Huenda ndiyo sababu haijanunuliwa: wote walitaka ardhi, hakuna aliyetaka nyumba.

#45 UaLaUani
#44 mimi naitaka nyumba.

#46 UaLaUani
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano. Ndugu wametupa muda, wamekuwa wema sana.

Karatasi ya alumini: matone yalikuwa nyuma, upande wa ukuta. Tumefunga valvu ya maji ya bafu wiki mbili. Ukuta wa kati ya chumba na bafu umekauka kidogo, wa nje haujabadilika. Tumechimba shimo kwenye kona: juu kifusi nusu mita, chini mfinyanzi mweusi unaonata. Msingi wa chumba cha nyuma ni mfupi kuliko wa nyumba ya mbele kwa karibu sentimita 40. Bomba la maji machafu tumemwaga rangi chooni, rangi ilitokea kwenye chemba ya barabarani, na shimoni kwetu haikuonekana.

Vioo: cha chini kizima, cha kati kizima, cha juu kimepasuka wiki ya nne.

Ndugu wa saba anakuja mwezi ujao mwenyewe.

#47 Kenchi
Cha juu. Paa. Rudisheni boriti zile mbili kabla ya jambo lingine lolote, ni kazi ya siku mbili.

#48 Tofali
Msingi mfupi kwa sentimita 40! Kona ikishuka na kulala nje, cha juu ndicho kinachotangulia kupasuka. Matokeo ni yaleyale.

#49 Mizizi_na_Mawe
Na mfinyanzi. Wiki tano za kiangazi na mti unakunywa. Sisemi zaidi.

#50 Mfereji
Rangi kutoonekana shimoni mara moja haina maana bomba ni zima. Rudia kwa maji mengi. Na teremsheni ile njia ya zege ya nje, hilo halina ubishi kwa yeyote hapa. Ama lipo?

#51 FundiChokaa
#50 halipo. Kwa ukuta wa nje nakubaliana nawe, kwa mara ya kwanza. Lakini zege likitoka, saruji ya ukutani nayo itoke.

#52 MamaWatatu
Rangi ipimwe KWANZA.

#53 Mpimaji
Kioo kimoja kimepasuka mara moja. Kinaweza kuwa paa, kona, mfinyanzi, au joto la mchana na baridi ya usiku kama ukuta ule unapigwa na jua. Dada, kile cha juu kimepasuka kwa kuachana, au kingo zimepandana?

#54 UaLaUani
Nimepanda ngazi sasa hivi. Zimeachana, nafasi ya unene wa karatasi. Na upande wa kona umetoka mbele kidogo, nikipitisha ukucha unakwama.

#55 Mpimaji
Ahaa. Usikitoe hicho. Bandika kipya pembeni yake, andika tarehe ya leo, na upige picha ukiwa umesimama palepale kila Jumapili.